Mumbai wakati wa demani: mwongozo kwa anayekwenda mvua zikiwa ukingoni

Pwani yetu tuna neno ambalo wakata tiketi za ndege hawalijui: demani. Ni ule wakati kusi imechoka, kuanzia mwishoni mwa Agosti, kabla kaskazi haijashika. Kusi hiyo hiyo inayotupiga sisi tangu Aprili huvuka ikweta, ikapinda, ikazoa maji ya Bahari ya Arabu na kwenda kuyamwaga India. Mumbai mvua hizo kwa kawaida huingia karibu na Juni 11 na kuaga karibu na Oktoba 8. Ukiitwa huko Septemba, kwa matibabu, kwa mzigo wa nguo au kwa matembezi tu, unakwenda kwenye demani yao: kunapita siku tatu za jua kali na jasho, halafu mchana mmoja mbingu zinapasuka.

Watu wengi watakwambia subiri Novemba. Mimi nasema nenda, ila uende kama mtu wa pwani. Mumbai anayetazama mawingu peke yake hulowa. Anayetazama na bahari hufika anakokwenda.

Chagua wiki yako

Kabla ya kukata tiketi, uliza sikukuu ya Ganesh, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo, iko lini. Hufuata mwezi kama Idi zetu, hivyo kila mwaka huhama, lakini huangukia Agosti mwishoni au Septemba. Mwaka 2026 inaanza Septemba 14, na siku kubwa ya kuzamisha masanamu baharini ni Septemba 25. Kwa siku kumi mitaa inajaa mahema yenye sanamu za Ganesh, ngoma na taa. Foleni ya kumwona Ganesh wa mtaa wa Lalbaug, aliyeanza kuwekwa mwaka 1934, huchukua saa nyingi mno. Siku ya mwisho barabara nyingi za kuelekea ufuko wa Girgaon hufungwa, na maandamano hukesha hadi asubuhi ya pili.

Kama unakwenda kutembea, lenga siku hizo hasa. Kama unampeleka mgonjwa, usiweke miadi ya hospitali siku ya kwanza wala ya mwisho, na usipange ndege ya kurudi usiku wa kuzamisha.

Ukiweza kuchagua, chukua nusu ya pili ya Septemba. Julai ndiyo yenye mvua nyingi kuliko miezi yote. Septemba inapokwenda mwisho, mvua hugeuka ya radi za alasiri na jioni, asubuhi ikibaki safi. Shughuli zote nzito zipange kabla ya adhuhuri.

Karatasi

Viza ya mtandaoni ombeni kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, indianvisaonline.gov.in. Zipo tovuti nyingi za kuigiza zinazokula pesa za watu. Anayekwenda kutibiwa aombe viza ya matibabu, na wasindikizaji wake, wasiozidi wawili, waombe ya kusindikiza mgonjwa. Kwenda hospitali na viza ya utalii ni kujitafutia maswali. Tangu Oktoba 2025 kuna pia fomu ya kuwasili, inayojazwa mtandaoni ndani ya saa 72 kabla ya kufika.

Cheti cha homa ya manjano hakina mjadala kwa anayetoka Kenya, Uganda au Kongo. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika, maana kabla ya hapo cheti hakijaanza kufanya kazi, na asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Wewe wa Tanzania usibishane na mtu: ukipitia Nairobi au Addis Ababa unaweza kuhesabiwa umetoka huko. Chanja tu.

Angalia pia tiketi yako imeandikwa uwanja gani. Uwanja wa siku zote ni BOM. Desemba 2025 ulianza kupokea abiria uwanja mpya wa Navi Mumbai, NMI, ng'ambo ya ghuba, na anayekosea hapo siku ya mvua amekwisha.

Mzigo

Viatu kwanza. Acha kandambili: zinateleza kwenye vigae vya vituo vya treni na maji yakipita kwa nguvu zinakuvuka. Acha na raba za kitambaa, hazikauki hata siku tatu. Chukua yeboyebo zenye mkanda wa nyuma, au sandali za plastiki zinazofungwa. Huko zinauzwa kila kichochoro kipindi hiki, kwa hiyo usipozipata nyumbani usihangaike.

Koti jepesi la mvua ni bora kuliko mwavuli, kwa sababu upepo wa baharini unaugeuza mwavuli ukawa bakuli. Nguo ziwe nyepesi. Hali yake ni ile ya Dar es Salaam mwezi wa Aprili: joto, unyevu, shati linaganda mgongoni. Chukua khanga mbili. Inafuta, inafunika, inatandikwa, na inakauka mapema kuliko taulo la hoteli.

Paspoti, cheti na majibu ya hospitali vikae kwenye mfuko usiopitisha maji, na picha zake ziwe kwenye simu. Chukua na pawabenki. Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa haziingii kwenye soketi zao za matundu ya duara, hivyo adapta ni lazima.

Kuhusu fedha, beba dola ubadilishe kule. Kila muuza chai ana karatasi ya kuskani kwa simu, lakini mfumo huo kwa kawaida ni wa wenye akaunti za India, wewe tembea na noti ndogo ndogo. Hesabu zao hazitakusumbua: wakisema laki wanamaanisha laki ile ile yetu. Saa ndiyo itakusumbua. Wametutangulia kwa saa mbili na nusu, na hiyo nusu imewakosesha watu miadi.

Pa kulala

Kanuni ni moja: lala upande ule ule wenye shughuli yako. Mumbai ni jiji refu na jembamba, kaskazini hadi kusini, na siku ya mafuriko linakatika katikati. Mwenye miadi ya hospitali Andheri, kaskazini, akilala Colaba, kusini kabisa, kwa sababu hoteli ni nzuri, atakosa daktari. Anayefuata nguo soko la Mangaldas akae kusini, karibu na Crawford Market au Mohammed Ali Road, ambako pia chakula cha halali ni kila hatua.

Unapopiga simu hotelini usiulize kama kuna mafuriko, watasema hapana. Uliza: "Mwaka huu maji yalifika wapi kwenye mtaa wenu?" Hapo utapata jibu la kweli. Omba chumba cha ghorofa ya kwanza kwenda juu. Chumba cha chini kipindi hiki kina ukungu ukutani hata kama maji hayajaingia.

Soma bahari kabla ya anga

Mumbai ya zamani ilikuwa visiwa saba. Waingereza wakaziba maji katikati yake, ardhi ikaungana, na sehemu kubwa ya jiji leo imekaa juu ya bahari iliyofukiwa. Mifereji ya mvua humwaga baharini. Bahari ikijaa sana mifereji haitoi. Baadhi ina milango, ambayo hufungwa ili maji ya chumvi yasirudi mjini, na kazi yote inabaki kwa pampu. Ndiyo maana mvua ya saa mbili wakati wa maji kupwa hupita kama haikuja, na mvua ile ile maji yakiwa yamejaa inageuza mtaa wa Hindmata kuwa ziwa.

Siku mbaya ni zile za bamvua, maji yakijaa kupita kawaida, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji yakitangazwa kufika mita 4.5 na zaidi, jiji zima linakaa macho. Lakini usichukue saa za nyumbani. Unguja bamvua hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri. Mumbai hujaa kati ya saa sita na saa nane mchana, na tena usiku wa manane. Siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, unaweza kupumua.

Basi kila usiku kabla ya kulala fanya haya. Tazama saa za maji kujaa kesho. Magazeti ya jiji huziandika na simu inazo. Kisha tazama tahadhari ya idara ya hali ya hewa ya India, IMD, inayotolewa kwa rangi. Ya njano ina maana uwe macho. Ya chungwa, punguza safari. Nyekundu ni mvua inayoweza kupita milimita 204 kwa siku moja, usitoke. Ukiona chungwa au nyekundu na saa za bamvua zimekutana, ahirisha hata kama mtu wa hoteli anacheka. Siku ambayo kila mtu Mumbai anaikumbuka, Julai 26, 2005, Santacruz ilipokea milimita 944 kwa saa 24. Dar es Salaam kwa mwaka mzima hupata zaidi kidogo tu ya hapo, na watu waliokufa Mumbai na jirani zake walihesabiwa kwa mamia.

Kuzunguka mjini

Treni za mjini ndizo mishipa ya Mumbai. Njia ya Western inatoka Churchgate kwenda kaskazini, Central na Harbour zinatoka CSMT, ile stesheni yenye minara iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2004. Nauli ya daraja la pili huanzia rupia 5. Wanawake wana mabehewa yao, na ni vyema kuyatumia. Epuka saa mbili hadi saa tano asubuhi kuelekea kusini, na saa kumi na moja hadi saa tatu usiku kurudi kaskazini. Milango haifungwi kwenye treni za kawaida na sakafu ya mlangoni imelowa, kwa hiyo ingia ndani hata kama kuna upepo mzuri pale. Mvua ikizidi, Central na Harbour hukwama kwanza, kwa sababu reli za Kurla na Sion zimekaa chini. Western huvumilia zaidi.

Bajaji, jina tulilolitoa kwenye kampuni ya huko huko India, ziko viungani tu. Zinaishia Bandra upande wa magharibi na Sion upande wa mashariki. Kusini ya hapo ni teksi nyeusi zenye paa la njano. Zote zina mita, na dereva akikataa kuiwasha, shuka utafute nyingine, isipokuwa mvua inanyesha. Hapo patana naye haraka na upande.

Metro namba 3, inayopita chini ya ardhi kutoka Aarey hadi Cuffe Parade na kugusa majengo yote mawili ya uwanja wa ndege wa zamani, imekamilika Oktoba 2025 na imenisahaulisha foleni. Ila kuwa chini ya ardhi si kinga: Mei 26, 2025 maji yaliingia kituo cha Acharya Atre Chowk kikiwa na wiki mbili tu tangu kifunguliwe.

Safari ya uwanja wa ndege iongeze saa mbili juu ya ile unayoambiwa. Njia za chini ya reli, za Milan na Andheri, ndizo hufungwa kwanza, na kila mwenye gari anakimbilia daraja moja.

Mvua ikikukuta njiani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu hufia.

Usivuke maji usiyoona chini yake. Mafuriko yakizidi, watu hufungua mifuniko ya chemba ili maji yaende haraka, na chemba iliyo wazi chini ya maji meusi haionekani. Agosti 29, 2017, daktari bingwa mmoja wa jiji aliliacha gari lake kwenye maji akaamua kumalizia kwa miguu. Alitumbukia kwenye chemba. Alikuwa mwenyeji, mtaa anaujua. Wewe ni mgeni. Maji yakipita vifundo vya miguu, rudi ulikotoka na ukae. Ikiwa hakuna budi kuvuka, tembea nyuma ya wenyeji wanaoshikana mikono, na utangulize fimbo au mwavuli uliofungwa. Kaa mbali na nguzo za umeme na vibanda vya chuma.

Usijikinge mvua kwenye ngazi za daraja la stesheni. Septemba 29, 2017, mwezi huu huu tunaouzungumza, watu walijazana kwenye daraja la waendao kwa miguu la stesheni ya Elphinstone Road, sasa Prabhadevi, mvua ikinyesha. Msukumano uliua zaidi ya watu 20. Mvua ikianza, ondoka kwenye vituo ukaingie mgahawani, agiza chai, kaa. Hakuna atakayekufukuza. Jiji zima linafanya hivyo.

Gari likizimika kwenye maji yanayopanda, shuka mapema kabla mlango haujakataa, uende mahali pa juu. Kituo cha maafa cha halmashauri ya jiji kinapatikana kwa namba 1916, na dharura yoyote ni 112.

Na ukishalowa miguu kwenye maji ya barabarani, hasa ukiwa na mchubuko, jambo halijaisha. Maji yale yana mkojo wa panya, na ndani yake ugonjwa ambao Tanzania tuliujua kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka Lindi mwaka 2022. Osha kwa sabuni na maji safi mara ufikapo, kisha siku hiyo hiyo au kesho yake umwone daktari. Huko wana utaratibu wa kutoa dawa ya kinga kwa aliyepita kwenye maji ya mafuriko, na inafaa itolewe ndani ya saa 72. Usijinunulie, wengine haziwafai, wajawazito na watoto hasa.

Tumbo

Kula kilicho moto, mbele ya macho yako. Vada pav, kababu ya viazi ndani ya mkate, ikitoka kwenye mafuta, chai iliyochemka, dosa, ile chapati nyembamba ya mchele, kutoka kwenye chuma. Acha matunda yaliyokatwa, kachumbari, barafu, na pani puri, ile inayojazwa maji ya viungo yasiyojulikana yalikotoka. Inauma kuiacha, najua. Maji yawe ya chupa yenye muhuri.

Samaki wa msimu huu ni wazuri. Serikali hufunga uvuvi wa mashine Juni na Julai, kisha Wakoli, wavuvi wa asili wa Mumbai, huitupia bahari nazi kwenye mbalamwezi ya Agosti na kutoka. Septemba soko limejaa. Nyama ya ng'ombe usiitafute, sheria ya Maharashtra, jimbo la Mumbai, imepiga marufuku kuchinja ng'ombe, hata madume, tangu 2015. Kuna mbuzi, kuku na nyati wa kufugwa.

Jioni isiyo na onyo, nenda Marine Drive ununue hindi la kuchoma. Wanalipaka ndimu, chumvi na pilipili, kama pale Coco Beach. Kaa kwenye ukuta maji yakiwa yamepwa. Maji yakijaa mawimbi hupanda hadi barabarani, na polisi hawawatoi watu pale kwa kuwaonea.

Pa kwenda

Siku kavu ya asubuhi panda treni hadi Borivali ukaone mapango ya Kanheri, zaidi ya mia moja, yaliyochongwa na watawa wa Kibudha ndani ya mbuga ya Sanjay Gandhi. Wakati huu maporomoko madogo yanatiririka katikati yake na mwamba umeota kijani. Teleza kidogo utajua kwa nini nilisema habari ya viatu. Jumatatu pamefungwa. Elephanta nako hufungwa Jumatatu, na boti zake kutoka Gateway of India husimamishwa bahari ikichafuka. Nenda na boti ya kwanza ya asubuhi, urudi mapema.

Haji Ali, msikiti na kaburi lililo baharini, huendewa kwa njia inayofunikwa na maji yakijaa. Hapo tena ni hesabu ya maji. Ingia maji yakiwa yanapwa, usiingie yakiwa yanajaa.

Siku ya mvua ingia makumbusho ya Chhatrapati Shivaji, karibu na Gateway, au zunguka Crawford Market iliyofunikwa. Mabohora wa Zanzibar na Mombasa watakutuma Bhendi Bazaar kwenye Raudat Tahera, kaburi la viongozi wao, na wana haki, marumaru yake inapendeza zaidi nje kukiwa giza.

Ukisikia habari ya Janjira, ngome ya baharini iliyotawaliwa na Masidi, watu wenye asili ya Afrika, utatamani kwenda. Iko Murud, kusini ya Mumbai. Boti zake hulala wakati wa mvua, kwa hiyo uliza kwanza kama zimeshaanza. Vivyo hivyo boti za Gateway kwenda Mandwa, ambazo kwa kawaida husimama Juni hadi Agosti.

Homa

Mbu wa Septemba ni wengi kuliko wa Julai, kwa kuwa maji yamesimama kwenye makopo na matairi. Jipake dawa mchana pia, wa dengue huuma hasa mchana. Homa ikikushika huko, meza panadol tu. Aspirini na ibuprofeni ziache mpaka upimwe, kwa sababu dengue ikichanganyika nazo huleta kutokwa damu.

Na homa ikikushika ukisharudi, hata baada ya wiki tatu, usiende duka la dawa kununua mseto. Nenda hospitali na useme mwanzoni kabisa: "Nimetoka India, nilipita kwenye maji." Kuna malaria ya aina ya vivax ambayo hujificha kwenye ini na kuibuka miezi baadaye, na baadhi ya vipimo vya haraka vya kwetu vimetengenezwa kutafuta ile nyingine tu. Daktari asipojua ulikotoka, hataitafuta.